Makato mapya Kenya: Mwajiri mdogo ameongezewa kuliko karani wake

Tangu mwaka 2023 kilio kilichosikika zaidi nchini Kenya kuhusu makato ya mshahara ni cha mfanyakazi. Ni kilio cha haki. Hata hivyo, mwenye duka akiketi na kalamu na karatasi ataona jambo lisilotajwa sana: kwa mfanyakazi wa kipato cha kati, yeye mwajiri ndiye aliyeongezewa mzigo mkubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye wafanyakazi sita, kila mmoja akilipwa Sh40,000 kwa mwezi. Mnamo Januari 2023 mfanyakazi huyo alikatwa Sh200 za NSSF, Sh1,000 za NHIF na kodi ya mapato Sh4,173. Alikwenda nyumbani na Sh34,626. Mwajiri alimlipia Sh200 za NSSF na Sh50 za ada ya mafunzo ya viwanda. Basi.

Kisha sheria zikaja zikifuatana. Mnamo Februari 3, 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi uliokuwa umezuia Sheria ya NSSF ya 2013, na mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara kutoka kila upande, hadi kiwango cha juu kilichowekwa. Ada ya nyumba za bei nafuu ilianza kukatwa Julai 2023, ikapingwa na kuangushwa mahakamani, halafu ikarudi kwa sheria yake yenyewe iliyotiwa saini Machi 19, 2024. Ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Oktoba 1, 2024 NHIF ikatoa nafasi kwa SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara, bila kikomo cha juu. Hii ya mwisho mwajiri hachangii, anakata na kuwasilisha tu.

Mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza Desemba 27, 2024 yalileta nafuu ya aina yake: makato hayo matatu huondolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo kodi ihesabiwe. Kwa hesabu ya mwaka 2025, mfanyakazi wetu alikatwa NSSF Sh2,400, SHIF Sh1,100, nyumba Sh600 na kodi Sh3,153. Mkononi alibaki na Sh32,746.

Amepoteza Sh1,880 kwa mwezi. Ingekuwa Sh2,900 kama kodi yake isingeshuka kwa Sh1,020. Sasa tazama upande wa pili. Mwajiri alilipa NSSF Sh2,400, nyumba Sh600 na ile Sh50 ya zamani, jumla Sh3,050 badala ya Sh250. Nyongeza ni Sh2,800 kwa kila mtu. Kwa watu sita ni Sh16,800 kwa mwezi, yaani Sh201,600 kwa mwaka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeongezewa mshahara.

Watakaosema kwamba gharama hiyo huhesabiwa kabla ya faida kutozwa kodi wanasema kweli, lakini ni kwa kampuni zinazolipa kodi ya faida. Mwenye duka ambaye mauzo yake ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, naye yuko katika kodi ya mauzo ya asilimia 3, hutozwa kwa kile alichouza. Alichotumia hakiulizwi. Kwa huyu, nyongeza hiyo yote inatoka mfukoni mwake.

Wengine wanadhani dawa ni kuwageuza wafanyakazi kuwa vibarua wa kutwa. Tahadhari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Anayejidanganya kwa daftari la vibarua anaweza kujikuta anadaiwa likizo, notisi na michango ya nyuma kwa mpigo. Faini nazo si za kuchezea: mchango wa NSSF uliocheleweshwa huongezwa asilimia 5 kwa kila mwezi, na ada ya nyumba asilimia 3.

Kuna mtego mwingine, na huu umefichika zaidi. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo kinakataza makato yote kwa jumla kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi wetu wa Sh40,000 sharti abakiwe na Sh13,333. Kama chama chake cha ushirika kinamkata Sh20,500 za mkopo, mwanzoni mwa 2023 alibaki na Sh14,126 na mambo yalikuwa sawa. Kwa makato ya 2025 alibaki na Sh12,246. Mkopo ni ule ule, saini ni ile ile, lakini mwajiri anayeendelea kukata kama zamani amevunja sheria. Inafaa kupitia hati moja baada ya nyingine na kukiandikia chama mapema, kabla mfanyakazi hajalalamika.

Mlango bado haujafungwa. Kiwango cha juu cha mshahara unaotozwa NSSF kimepanda kila Februari: Sh18,000 mwaka 2023, Sh36,000 mwaka 2024, Sh72,000 mwaka 2025 na Sh108,000 mwaka 2026. Kwa mfanyakazi wa Sh40,000 hatua hiyo ya mwisho haikubadilisha kitu, kwa kuwa mshahara wake wote ulikuwa umeshaingia. Iliyempata ni msimamizi au mhasibu anayelipwa Sh100,000. Mchango wa mwajiri kwa mtu kama huyo ulikuwa Sh4,320 mwaka 2025, na kuanzia Februari 2026 ukawa Sh6,000. Mwenye biashara aliyepanga bajeti ya mwaka huo kwa viwango vya Desemba alipungukiwa Sh1,680 kwa mwezi kwa kila mmoja wa ngazi hiyo.