Magazini mpya ya bastola haiaminiwi siku ya kwanza

Mimi ni mzawa wa Mombasa, lakini riziki yangu iko juu mlimani. Napeleka nazi, ndimu na maembe Karatina na Nyeri, na hurudi na viazi na kabeji. Biashara hii ni ya pesa mkononi na barabara za usiku, ndiyo maana niliomba leseni ya bastola nikapewa. Leo nataka kusema na wenzangu wa Pwani wenye leseni kama yangu juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukijali: magazini.

Nilinunua magazini mbili mpya za Ceska yangu. Nikazipaka mafuta ndani kwa wingi, nikijua ndiyo matunzo, nikajaza risasi na kuanza safari. Nilitembea nazo mwezi mzima. Siku niliyokwenda kulenga shabaha, risasi tatu zilitoka vizuri, ya nne ikakwama. Nikabadilisha magazini, nayo ikakwama. Mzee aliyekuwa akitusimamia, afisa mstaafu, akaniuliza, "Kijana, kama huyu angekuwa jambazi wa Sagana na si karatasi, ungekuwa wapi sasa?" Sikuwa na jibu. Mwezi mzima nilikuwa nimebeba chuma tu.

Akanikalisha chini akanieleza. Magazini ina vitu vitano: kasha lenyewe, springi, kisukumio kinachobeba risasi, kifuniko cha chini, na midomo miwili ya juu inayoishika risasi mpaka ichukuliwe. Bastola nyingi zinazokwama hazina ila. Ila iko kwenye magazini. Wahenga wetu walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Magazini ikiwa mpya, springi huwa ngumu, na risasi ya mwisho huingia kwa shida. Usiilazimishe kwa kugonga. Jaza na kutoa mara kadhaa, kisha iache imejaa siku chache, ndani ya sefu, na utaona imelegea kidogo. Mpaka hapo, punguza risasi moja: kama inabeba 15, weka 14. Wengine huogopa kuiacha imejaa, wakidhani springi itakufa. Springi nzuri haichoshwi sana na kukaa imebanwa kwa kiasi chake. Inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Kwa hiyo magazini za mazoezi ziwe mbali na zile za kutembea nazo.

Kisha zipe namba, 1, 2, 3, kwa rangi chini ya kifuniko. Kila moja ipige shabaha mara kadhaa ikiwa imejaa, kwa aina ile ile ya risasi unayobeba. Ikikwama, andika namba. Namba moja ikirudia kosa huku nyingine ziko sawa, umempata mwizi wako. Itoe kazini.

Usafi nao una adabu yake. Kwanza bastola iwe tupu, utazame chemba kwa macho na kwa kidole, na risasi ziwekwe mbali. Ukifungua kifuniko, kizibe kwa kiganja, kwani springi huruka na jicho halina spea. Angalia springi imekaa upande gani, uirudishe vivyo hivyo. Pangusa ndani kwa kitambaa kikavu na brashi. Mafuta ndani usiache: hushika vumbi, na vumbi jekundu la Nyeri likichanganyika na mafuta huwa tope. Tena mafuta yakipenya kwenye risasi yaweza kuharibu fataki yake.

Kwetu Pwani adui ni mwingine. Hewa ya chumvi hula chuma, na jasho la kiunoni hufanya vivyo hivyo. Nje ya kasha pangusa mara kwa mara kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, halafu kausha. Ikianguka kwenye saruji, kagua midomo ya juu. Ikipinda usiinyooshe kwa koleo, nunua nyingine.

Nalo la sheria lisisahaulike. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kununua magazini zaidi si ruhusa ya kuzidisha risasi. Desemba 2018 wamiliki wote wa raia waliamriwa wahakikiwe upya, na asiye na karatasi safi alijiona.

Nyeri ni mji unaoujua uzito wa mambo haya. Hapo, Novemba 1956, Dedan Kimathi alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake, akanyongwa Februari 18, 1957. Wapiganaji wenzake wa msituni walibeba bunduki za kujiundia, nyingine zikitumia mpira mahali pa springi. Nyingi zilikataa kulia, na nyingine zilimdhuru aliyezishika. Wao hawakuwa na la kuchagua.

Sisi tunalo. Nilichotakiwa kutoa ni asubuhi moja tu ya mazoezi, na mwezi mzima sikuitoa. Nikikumbuka zile safari za usiku, wallahi, mwili bado hunisisimka.