Sumni kwa Wimbo wa Mataifa Matatu

Wimbo unaoimbwa na watu wengi zaidi Nachingwea na Ruangwa kila siku ya shule haukutungwa na Mmwera, Mmakonde wala Myao. Asubuhi watoto wakishajipanga mstarini, kiranja huanzisha wimbo wa taifa, na sauti wanayoifuata ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliitunga mwaka 1897 kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake.

Kwa wingi wa mataifa, Sontonga ni moto. Tanganyika iliichukua sauti hiyo mwaka 1961, Zambia ikafuata 1964, na tangu 1997 ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Zimbabwe nayo iliitumia kuanzia 1980 hadi 1994. Fredrik Pacius, Mjerumani wa karne ileile, ana mbili tu: Finland na Estonia. Rabindranath Tagore ana India na Bangladesh, ingawa yeye alilazimika kutunga nyimbo mbili tofauti.

Malipo ndiyo kichekesho. Sontonga aliandika nyimbo zake kwenye daftari kwa nota za d, r, m, zilezile ambazo walimu wa kwaya za makanisa yetu wanaandika ubaoni mpaka leo, na viongozi wa kwaya wengine walikuwa wakiliazima. Alifariki mwaka 1905, miaka 18 kabla mwandishi Sol Plaatje hajaurekodi wimbo huo London. Inasimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki zake kwa peni sita, yaani nusu shilingi, ambayo wazee wetu wangeiita sumni. Sasa ilinganishe na mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliong'oa misitu ya Nachingwea na kuachwa 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35 pamoja na Kongwa na Urambo. Pauni moja ilikuwa na sumni 40. Kwa fedha hizo Waingereza wangenunua nyimbo bilioni 1.4 kwa bei ya Diana. Kaburi la Sontonga lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996, miaka 91 baada ya mazishi.

Anayemkaribia kwa ufukara ni Stephen Foster wa Marekani, aliyezaliwa 4 Julai 1826, siku nchi yake ilipotimiza miaka 50. Alitunga nyimbo zaidi ya 200. "Oh! Susanna" ilizagaa Marekani nzima, naye akaambulia dola 100. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni wakiwaigiza watu weusi, na doa hilo halijafutika. Hata hivyo majimbo mawili, Kentucky na Florida, yalizifanya nyimbo zake kuwa nyimbo rasmi. Alifia hospitali New York mwaka 1864, akiwa na miaka 37, na senti 38 kwenye pochi.

Kwa kugombewa, hakuna unaoufikia "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim naye alidai aliutunga miaka ya 1940. Wakati wao wanabishana, Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M waliuimba. Boney M hao hao wakachukua pia kutoka Mombasa "Jambo Bwana" ya Teddy Kalanda na Them Mushrooms, wimbo ambao sidhani kuna mtalii aliyeondoka hoteli ya pwani bila kuimbiwa.

Nachingwea yenyewe ina lake. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifunzwa hapa kwa miaka kadhaa, katikati ya watu walioanza asubuhi zao na sauti ya Sontonga. Lakini kiongozi wao, Samora Machel, alipovuka Ruvuma Mei 1975 na uhuru ukafuata mwezi Juni, Msumbiji haikuichukua. Ilichagua wimbo wa mtunzi wake yenyewe, Justino Chemane, uliokisifu chama hicho kwa jina, ukadumu miaka 27. Vyama vingi viliporuhusiwa, sifa za chama kimoja zilikuwa hazikaliki tena ndani ya wimbo wa wote, na mwaka 2002 ukabadilishwa.