Mkanda wa Mpira Unavyoua Injini

Gari likizimika njiani kati ya Tarime na Mugumu, sisi abiria tunafanya nini? Tunashuka, tunalisukuma mpaka liwake. Ni msaada mwema. Lakini siku nyingine msaada huo humaliza injini kabisa. Tuone sababu yake.

Ndani ya injini mna pistoni. Hizo hupanda na kushuka. Juu yake mna valvu. Hizo ni kama milango midogo: hufunguka kuingiza hewa na kutoa moshi, kisha hujifunga. Pistoni ikipanda, valvu sharti ziipishe. Kinachopatanisha kazi hizo mbili ni mkanda wa mpira wenye meno. Mafundi huuita taimingi belti.

Mkanda ukikatika, valvu husimama pale pale zilipo, nyingine zikiwa wazi. Pistoni bado zinakwenda. Katika injini za dizeli, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda. Pengine pistoni nazo hupasuka. Mkilisukuma gari likiwa kwenye gia, zinagongana tena. Basi, gari likizimika ghafla, msipige stata tena wala msilisukume ili liwake. Toeni gia, mlivute mpaka kwa fundi.

Mkanda huu mara nyingi hukatika bila kutoa taarifa. Huchakaa kwa mwendo, kwa umri, na kwa kulowa oili. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, na Hiace za dizeli zenye injini ya 3L au 5L, zina mkanda huu. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Baadhi ya magari huwasha taa yenye maneno T-BELT. Dereva akiisoma, asiipuuze. Probox nyingi hazina mkanda huu. Zina cheni ya chuma.

Tuseme kikundi chenu kinanunua Hiace iliyokwisha tumika. Mwulizeni mwenyewe: mkanda ulibadilishwa lini, kwenye kilometa ngapi? Kama hajui, badilisheni mara moja. Halafu kisomo chetu kifanye kazi. Andikeni tarehe na kilometa katika daftari la gari. Mkanda ukifungwa kwenye kilometa 180,000, mwingine ufungwe kabla ya 280,000.

Mkanda ni mpira tu, lakini kutengeneza injini iliyogongana huweza kumaliza fedha yote ya kikundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.