Kilichoziua meli kubwa za abiria

Mtajie mtu meli kubwa ya abiria ya zamani, atakujibu Titanic, na pumzi hiyohiyo atataja barafu. Filamu zimetuzoesha kuamini kwamba meli za namna ile huuawa na bahari. Daftari za makampuni zinasimulia mengine. Ukiziondoa zile zilizozamishwa vitani, nyingi kati ya meli za abiria za karne ya 20 ziliingia machinjioni zenyewe, zikiwa salama, kwa sababu mhasibu fulani alipiga hesabu akaona hazilipi tena.

Kwanza tuelewane ni chombo gani tunachokizungumzia. Hizi hazikuwa meli za utalii zinazozunguka visiwa na kurudi zilikotoka. Zilifanya kazi ya basi la mkoani: ratiba ileile, vituo vilevile, abiria wa kila tabaka pamoja na mizigo yao, iwe kusi iwe kaskazi. Na kilichozipa uhai hasa ni mkataba wa serikali wa kubeba barua. Kampuni ya British India, ambayo wengi waliijua kwa herufi mbili tu, BI, ilianza kuleta barua kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1872, miaka mitatu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Meli zake za abiria ziliendelea kufika katika bandari zetu kwa zaidi ya miaka 100.

Meli ya namna hii huundwa kwa ajili ya njia yake, na hapo ndipo ugumu wake unapoanzia. Njia ya Atlantic ya Kaskazini ilitaka kasi, kwa hiyo tumbo la meli lilijaa injini. Njia ya London hadi Beira, kupitia Suez, Aden, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, haikuhitaji haraka hiyo. Ilitaka sitaha zenye kivuli na ngama kubwa za shehena, kwa kuwa kila bandari ilikuwa na cha kupakuliwa na cha kupakiwa.

Chukua meli mbili zilizoanza kazi mwaka mmoja, 1952. Ya kwanza ni United States. Katika safari yake ya kwanza, Julai mwaka huo, ilivuka Atlantic kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, na mpaka leo hakuna meli ya abiria ya ratiba iliyoipita. Serikali ya Marekani ililipia sehemu kubwa ya gharama zake kwa sharti kwamba vita vikizuka, igeuzwe haraka kubeba maelfu ya wanajeshi. Mbunifu wake, William Francis Gibbs, aliogopa moto kiasi kwamba mbao karibu zilipigwa marufuku humo ndani. Ya pili ni Uganda ya BI, iliyoundwa na Barclay Curle huko Glasgow. Ilikuwa na tani zipatazo 14,430, abiria kama 300, na mwendo ambao Gibbs angeucheka. Pacha wake, Kenya, alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla.

Kisha mambo matatu yakaziangukia meli hizi karibu kwa pamoja. Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantic na abiria, na mwaka 1960 shirika la East African Airways lilipata ndege zake za Comet. Safari ya majuma matatu ikawa ya siku moja. Halafu nchi zetu zikapata uhuru, na maofisa wa kikoloni waliojaza daraja la kwanza kwa tiketi zilizolipwa na serikali wakafunga virago. Hili la pili husahaulika sana. Watu hupenda kuilaumu ndege peke yake. La tatu lilikuja Juni 1967: Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita na usifunguliwe kwa miaka minane.

United States iliegeshwa mwaka 1969. Vita ilivyoundiwa havikuiita hata mara moja. Wamiliki walipokezana ndoto, huyu hoteli, yule meli ya utalii, nayo ikaoza rangi gatini Philadelphia tangu 1996. Februari 2025 ilivutwa hadi Mobile, Alabama, ili isafishwe na baadaye izamishwe mbele ya pwani ya Florida, iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Ilifanya kazi miaka 17 na kukaa bure zaidi ya 50.

Meli ya Kenya iliuzwa mwaka huohuo wa 1969 ikavunjwa La Spezia, Italia. Uganda ndiyo iliyonusurika, na kwa maoni yangu iliokolewa na zile ngama zake. Meli iliyojaa injini huna pa kuibadilisha, lakini nafasi ya mizigo ni nafasi tupu. Mwaka 1967 ilipelekwa Hamburg, na palipokaa shehena zetu pakajengwa mabweni na madarasa. Ikawa shule inayoelea, ikizungusha mamia ya wanafunzi wa Uingereza katika bandari za Mediterania na kwingineko.

Aprili 1982 ilikuwa safarini na watoto hao wakati vita vya visiwa vya Falkland vilipozuka. Watoto waliteremshwa Naples, meli ikakimbizwa Gibraltar. Siku chache baadaye ilitoka huko imepakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu, na nyuma imejengewa uwanja wa helikopta. Mabweni yalikuwa yamegeuka wodi. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa ndani yake, Waajentina wakiwemo. Baada ya vita ilibeba wanajeshi na vifaa kwenda visiwa vile mpaka 1985, na mwaka uliofuata ikauzwa chuma chakavu Taiwan. Ilifika Kaohsiung kwa nguvu zake yenyewe, ikiwa na jina jipya la Triton, ikasubiri zamu yake. Agosti 1986 kimbunga Wayne kikakata kamba zake, kikaitupa ufukoni ikalala ubavu, na wavunjaji waliokwisha kuilipia wakabaki wakiitazama kwa miaka.

Kubadilishwa kazi hakukuwa jambo la Waingereza tu. Pretoria, iliyoundwa Hamburg mwaka 1936 kwa njia ya Afrika Kusini, ilianza kama fahari ya kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika-Linie. Mwaka 1945 ilihamisha wakimbizi katika bahari ya Baltiki. Waingereza wakaitwaa na kuifanya meli ya wanajeshi, Empire Doon kisha Empire Orwell. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaitwa Gunung Djati, ikipeleka mahujaji wa Indonesia Jeddah, na hatimaye ikaingia katika jeshi la majini la nchi hiyo. Ilivunjwa 1987, baada ya nusu karne ya kazi.

Vita vilikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote, na mkatili kuliko wote. Mwaka 1922 iliundwa Greenock, Scotland, meli ya abiria iitwayo Aconcagua kwa njia ya Chile hadi New York. Biashara ilipodorora ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina Khedive Ismail. Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa kwenda Colombo, imebeba watu 1,511: wanajeshi, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na askari wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, na wengi walikuwa chini ya sitaha.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, na manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zikalazimika kuamua. Ziliangusha mabomu ya majini palepale walipokuwa wakielea watu wao wenyewe. Nyambizi ilizamishwa. Waliokufa siku hiyo walikuwa 1,297. Ajabu ni kwamba vijana wetu wengi wanaweza kukusimulia Titanic kuanzia bendi mpaka boti, lakini msiba huu, ulioanzia Mombasa, hawajausikia.

Vita vilipokwisha, meli zilizobaki hai zilitumika popote penye abiria. Jomo Kenyatta alirejea Mombasa mwaka 1946 kwa Alcantara, meli ya kifahari iliyoundwa Belfast kwa ajili ya Brazili na Argentina, ambayo mwaka 1940 ilikuwa imepigana mizinga na meli ya Kijerumani, Thor. Ilivunjwa Japani mwaka 1958. Zilizobahatika kuhifadhiwa ni chache mno: Queen Mary iko Long Beach, California, tangu 1967, na Rotterdam ni hoteli katika mji wa jina lake. Zote mbili zimewagharimu wenyeji wao fedha nyingi, jambo ambalo wanaodai kila meli ya kale ihifadhiwe wangefaa kulipima.

Kwetu, ya mwisho ya BI katika njia ya Bombay ilikuwa Karanja ya mwaka 1948, iliyochukua mamia ya abiria wa sitaha pamoja na mikeka na vyakula vyao. Pacha wake, Kampala, alikwisha vunjwa mwaka 1971. Mwaka 1976 BI iliiuza Karanja kwa shirika la meli la serikali ya India, nalo likaiita Nancowry na kuipeleka visiwa vya Andaman. Huko ilipata kama miaka kumi zaidi ya kazi ileile iliyoifanya Mombasa, kwa abiria walewale wa sitaha. Njia hiyo ya Andaman haijafa. Meli za abiria kutoka Chennai na Kolkata bado zinakwenda visiwani humo kwa ratiba.