Picha Hafifu: Tatizo Liko Kwenye Televisheni au Kwenye Jicho?

Saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, nyumba nyingi za Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu hukusanya watu wa rika mbalimbali mbele ya kioo kimoja. Bibi hulalamika kwamba picha ina ukungu. Mjukuu husogeza kigoda mpaka karibu kabisa na kioo. Baba hushika rimoti, huongeza mwangaza, na ubishi huishia hapo. Kitabibu, ubishi huo haukustahili kuishia hapo. Televisheni huonyesha picha ileile kwa wote waliopo. Kwa hiyo yeyote anayeiona tofauti na wenzake ametoa taarifa kuhusu macho yake mwenyewe.

Kurekebisha picha ya televisheni ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani kwa muda wa nusu saa, bila fundi na bila gharama. Faida yake ya kwanza ni kuyapunguzia macho uchovu. Faida ya pili, ambayo aghalabu haifikiriwi, ni kuondoa kisingizio: picha ikishawekwa sawasawa, asiyeona vizuri hana tena sababu ya kuilaumu televisheni.

Ukungu si chenga

Zama za mitambo ya analojia, antena ikiyumba picha ilijaa chenga na ukungu. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Katika mfumo wa dijitali, mawimbi yakiwa hafifu picha hukatika vipande vya miraba, huganda au hupotea kabisa, haifanyi ukungu. Hivyo mzee anayesema leo kwamba watu wote kwenye televisheni wanaonekana kama wamo ndani ya moshi, ilhali wenzake wanaona vizuri, hasaidiwi kwa kugeuza antena wala kwa kubadilisha king'amuzi. Yamkini ana mtoto wa jicho.

Kuandaa mahali

Televisheni inayotazamana na mlango au dirisha lililo wazi hupigwa na mwanga wa jua, na picha hufifia. Familia huongeza mwangaza mchana, kisha usiku kioo hubaki kikiwaka kama kurunzi. Ni vyema televisheni ikae kwenye ukuta wa pembeni mwa dirisha. Usiku chumba kisiwe giza totoro; taa ndogo iliyowekwa nyuma ya televisheni, isiyomulika kioo wala macho ya watazamaji, hupunguza uchovu.

Kimo nacho kina umuhimu. Katikati ya kioo panafaa pawe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, au chini kidogo. Televisheni iliyotundikwa karibu na dari humlazimu mtazamaji kufumbua macho zaidi, na uso wa jicho hukauka upesi, hasa kwa kuwa mtu anayekazia macho kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida. Kwa televisheni ya inchi 32, umbali wa mita 1.5 hadi 2 unatosha. Hatimaye vumbi lifutwe kwa kitambaa laini na kikavu, televisheni ikiwa imezimwa.

Hatua za kurekebisha

Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa ili zivutie dukani, chini ya taa kali na katikati ya washindani. Picha yake huwa na mwanga mkali, rangi zilizokolezwa na weupe unaoelekea bluu. Mpangilio huo haufai sebuleni. Kazi huanzia kwenye menyu ya picha, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa Kiingereza.

Kwanza, uchaguliwe mpangilio uitwao "Movie" au "Cinema" badala ya "Vivid" au "Dynamic", na rangi ya mwanga iwe "Warm". Mpangilio huu hukaribia nyuzi 6500 za kelvini, kipimo cha weupe kinachofuatwa na watengenezaji wa picha. Siku za mwanzo picha itaonekana kuwa na unjano. Ubongo huizoea baada ya siku mbili tatu.

Pili, ipunguzwe nguvu ya taa iliyo nyuma ya kioo, iitwayo "Backlight", mpaka picha ya usiku isiumize macho. Kwa kaya zinazotumia umeme wa jua, hatua hii pia huifanya betri idumu zaidi.

Tatu, urekebishwe weusi. Katika televisheni nyingi kipimo chake huitwa "Brightness", ingawa jina hilo hupotosha. Itafutwe picha ya mtangazaji aliyevaa suti nyeusi. Kipimo kipunguzwe mpaka mikunjo ya suti ipotee, kisha kipandishwe taratibu mpaka mikunjo ianze tu kuonekana tena. Kwa nyuso za watu weusi hatua hii ni ya msingi: kipimo kikiwa chini mno, uso ulio kivulini huwa doa lisilo na macho wala pua, kikiwa juu mno, ngozi hupauka kama iliyopakwa majivu.

Nne, urekebishwe weupe kwa kipimo cha kontrasti. Itazamwe kanzu nyeupe au mawingu: kipimo kishushwe mpaka mikunjo ya kanzu ionekane.

Tano, rangi. Hapa wakazi wa Serengeti wana kipimo ambacho wengine hawana. Mtu wa Natta, Issenye au Robanda anaijua rangi halisi ya nyasi za kiangazi na ya manyoya ya nyumbu. Filamu ya wanyama inapoonyesha nyasi za ukame zikiwa kijani kama mgomba, rangi imezidi. Ipunguzwe mpaka picha ifanane na kilicho nje ya nyumba. Mwisho, kipimo cha ukali wa kingo, "Sharpness", kishushwe. Kukiongeza hakuleti undani mpya. Huchora tu mistari ya bandia kandokando ya vitu.

Picha ikishatulia, macho yapimwe

Kazi ya rimoti ikiisha, kila mwanafamilia aketi mahali pamoja, umbali uleule, na asome maandishi yanayopita chini ya kioo. Anayevaa miwani ya mbali aivae. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha afunike lingine. Kipimo hiki ni rahisi, lakini hufichua jambo linalowashangaza wengi: mtu anaweza kuishi miaka na jicho moja lisiloona vizuri bila kujua, kwa sababu jicho zima humfanyia kazi.

Mzee anayeona ukungu, anayehitaji mwangaza mwingi kuliko wenzake au anayeona rangi zimefifia, achunguzwe kama ana mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inapozeeka hugeuka njano, na rangi ya bluu hupotea kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 1923; katika miaka iliyotangulia, michoro yake ilikuwa imeelemea kwenye wekundu na kahawia. Upasuaji wa siku hizi huondoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia, na mara nyingi ganzi ya jicho pekee hutosha. Hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayoondoa mtoto wa jicho, na baadhi ya dawa zinazotiwa machoni kiholela huunguza kioo cha jicho na kuleta upofu usiotibika.

Mtoto anayesogelea kioo hahitaji kugombezwa kabla ya kupimwa. Watoto wengine hupenda tu kukaa karibu. Lakini mtoto akirudishwa nyuma naye akakunja macho, akainamisha kichwa au akashindwa kuona kilichoandikwa, inawezekana haoni mbali. Mtoto huyo huyo haoni ubao darasani, na huenda anaitwa mzito wa kuelewa ilhali anachohitaji ni miwani. Mzazi akiona mng'ao mweupe ndani ya mboni ya mtoto, au jicho lililoanza kwenda upande, asisubiri: ampeleke hospitali mara moja, kwa kuwa saratani ya jicho kwa watoto wadogo huweza kuanza kwa dalili hizo.

Rangi za jezi nazo husema jambo. Mvulana ambaye tangu utotoni huchanganya nyekundu na kijani huenda amerithi upofu wa rangi. Hali hiyo huwapata zaidi wanaume, haizidi wala haiharibu jicho, ila ni vyema ijulikane kabla hajachagua kazi ya nyaya za umeme. Kwa mtu mzima mambo ni tofauti. Ikiwa jezi nyekundu ya Simba, aliyokuwa akiiona sawasawa, imeanza kufifia machoni pake, mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuwa umeathirika. Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu analo la kuzingatia zaidi: ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, huweza kwa wagonjwa wachache kuathiri mshipa huo, na kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani ni miongoni mwa dalili za mapema. Asiache tiba kwa uamuzi wake mwenyewe, bali arudi kliniki siku hiyo hiyo ili daktari aamue. Ikigunduliwa mapema, uoni mara nyingi hurejea.

Yasiyoonekana kwenye kioo

Dhana kwamba televisheni hupofusha ina chanzo chake. Mwaka 1967 nchini Marekani, kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba baadhi ya televisheni zake za rangi zilitoa eksirei kupita kiwango kilichoruhusiwa. Televisheni bapa za leo hazitumii mirija ya aina ile na hazitoi mionzi hiyo. Kuzitazama kwa karibu huchosha macho, lakini hakuyapofushi.

Kosa lililo kinyume chake ni kudhani kwamba aliyesoma maandishi ya televisheni ana macho mazima. Glakoma, inayojulikana na wengi kama presha ya macho, huanza kula uoni wa pembeni huku wa katikati ukibaki safi. Mgonjwa hufurahia mpira wa jioni kwa miaka, na anapotambua tatizo, kilichopotea hakirudi. Kisukari nacho huweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho kimyakimya. Kwa hiyo mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, mwenye ndugu wa damu aliyepata glakoma na mwenye kisukari wapimwe macho hata kama picha yao haina dosari.

Kwa mhudumu wa zahanati

Swali moja linaweza kuongezwa katika mahojiano ya kawaida: "Nyumbani mkitazama televisheni, wewe unaiona kama wenzako?" Akijibu hapana, apimwe kwa chati ya herufi E kwa umbali wa mita 6, kila jicho peke yake. Kisha atazame kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye kadi nyeusi. Uoni ukiongezeka, tatizo kubwa yawezekana ni la miwani. Usipoongezeka, ashukiwe mtoto wa jicho au ugonjwa mwingine, na apewe rufaa. Kutoka Tarime na Serengeti njia ya rufaa huanzia hospitali ya wilaya, huendelea hadi hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, na inapobidi hufika Bugando, Mwanza. Uoni uliopotea ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali na mng'ao mweupe kwa mtoto havingoji foleni ya kawaida.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mzee anapoomba mwangaza uongezwe kwa mara ya tatu katika jioni moja, rimoti imekwisha kufanya kazi yake. Kinachofuata ni safari ya kwenda kupimwa, na ndugu wa kumshika mkono njiani.