Mafuta ya ubani

Mafuta ya ubani ni mafuta yenye harufu nzuri yanayotokana na ubani, yaani utomvu mkavu wa miti ya jenasi Boswellia. Miti hiyo hukua katika maeneo makavu ya Omani, Yemen, Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Uhindi.

Upatikanaji

Mvunaji hukwangua gome la mti, na utomvu mweupe kama maziwa hutoka. Baada ya siku kadhaa huganda kuwa matone magumu. Ili kupata mafuta, mvuke wa maji hupitishwa katika ubani. Mvuke hubeba kemikali nyepesi. Ukipozwa hurudi kuwa maji, na mafuta huelea juu yake.

Sifa

Mafuta haya hayana rangi au yana umanjano hafifu. Hayachanganyiki na maji, lakini huyeyuka katika alkoholi. Ndani yake mna kemikali kama alfa-pineni na limoneni. Yakikaa wazi muda mrefu hubadilishwa na hewa na yanaweza kuwasha ngozi.

Asidi za bosweli, ambazo wataalamu wamezichunguza kwa ajili ya kupunguza uvimbe mwilini, ni nzito mno kupanda na mvuke. Hubaki katika utomvu. Kwa hiyo faida zilizoonekana katika utafiti wa utomvu haziwezi kudaiwa kuwa za mafuta. Hakuna uthibitisho kwamba mafuta ya ubani yanaponya saratani, ingawa baadhi ya wauzaji hudai hivyo.

Matumizi ya jadi

Tangu zamani watu wametumia zaidi utomvu wenyewe kuliko mafuta. Wamisri wa kale waliufukiza katika mahekalu, na Biblia inautaja kati ya zawadi za mamajusi kwa mtoto Yesu. Huko Dhofar, kusini mwa Omani, huloweshwa katika maji ya kunywa. Katika pwani ya Afrika Mashariki hufukizwa kwenye chetezo. Neno "ubani" humaanisha pia fedha wanazopewa wafiwa.

Hifadhi

Mti unaokwanguliwa mno hudhoofika na kutoa mbegu chache, na mifugo hula miche. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya misitu iliyochunguzwa haikuwa na miti michanga. Watafiti walikadiria kuwa mavuno ya ubani wake yangepungua kwa nusu katika miaka 20.