Bima ya afya: Risiti ya jana hailipwi kwa kadi ya leo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA aliyelazwa mwezi Machi akalipa Sh. 900,000 kutoka kwenye mtaji wa duka, kisha akakata bima ya afya mwezi Aprili, humwuliza wakala swali moja: je, fedha zile zitarudi?

Hazirudi. Bima hubeba hasara ambayo haijatokea. Kama kampuni ingelipa gharama za nyuma, hakuna ambaye angechangia kabla ya kuugua, na mfuko ungekauka.

Hata hivyo, wapo wanaopoteza haki yao kwa kukosea upande wa pili. Tarehe inayohesabiwa ni ile ya matibabu, si ya kupeleka madai. Aliyetibiwa Desemba 28, na bima yake ikaisha Desemba 31, anaweza kudai Januari kwa hati ile ile ya zamani, ili mradi hajapitisha siku za kupeleka madai. Siku hizo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, nazo zimeandikwa kwenye hati ambayo wengi wetu huifungia kabatini bila kuisoma.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, huilipa hospitali moja kwa moja. Mwanachama huonyesha kadi, hospitali ndiyo hudai. Kwa hiyo anayetoa fedha taslimu kwa kuwa kadi ameiacha nyumbani asitegemee kurudishiwa kirahisi.

Kwa kampuni binafsi, baadhi ya hati huruhusu kurudishiwa fedha uliyolipa mwenyewe, hasa kwa dharura au mahali pasipo na hospitali yenye mkataba. Hapo hutakiwa risiti halisi, mchanganuo wa gharama na maelezo ya daktari. Tena malipo huweza kufuata viwango vya kampuni, si vya hospitali. Ukilipa Sh. 200,000 na kiwango chao ni Sh. 120,000, tofauti ni yako.

Wanaolipa kwa awamu wawe macho zaidi. Bima ikikatika tarehe 1, ukatibiwa tarehe 12 na kumalizia malipo tarehe 20, matibabu ya tarehe 12 kwa kawaida hubaki mzigo wako. Wapo wanaoshauriwa kuibembeleza hospitali ibadilishe tarehe ya risiti. Huo ni udanganyifu, na unaweza kufuta bima nzima.

Ugonjwa wa zamani ni suala jingine. Kisukari cha miaka mitano kinaweza kutibiwa chini ya bima mpya, pengine baada ya muda wa kusubiri, lakini bili za miaka hiyo mitano hazimo. Wakala akikuambia "leta tu risiti, tutaona", mwambie aandike na kusaini.

Dai halali likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iwapo kampuni itashikilia msimamo wake.